Moshi wa Ghorofa ya Kwanza

Ukitaka kujua jengo lile lina ugonjwa gani, usimuulize msimamizi. Yeye ana kiyoyozi na majibu yaliyochapwa tayari. Toka nje ya geti, geuka kushoto, utaona ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na nyuma ya meza ndogo yupo Bi Birika na kahawa yake. Keti, agiza kikombe, kisha unyamaze, maana pale nafasi ya kusema haiombwi, hunyang'anywa. Ukutani, juu ya vichwa vya waketio, kuna bamba la chuma lenye mchoro wa jani. Linatangaza kwamba jengo hili lina cheti cha kijani: umeme haupotei bure, maji hayamwagwi ovyo, hewa ya ndani ni safi. Wanakijiwe huketi chini ya bamba hilo kila alasiri na kulisema vibaya, na kuna alasiri moja walilisema vibaya kuliko siku zote.

Wa kwanza kufika siku hiyo alikuwa Mzee Breki, na alifika na barua. Alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na mbili, akastaafu na goti bovu, koti moja zito asiloliacha hata jua likiwaka, na mazoea ya kumaliza pakiti ya sigara kwa siku. Jina la Breki alilipata palepale ubaoni, kwa kuwa hadithi zake zote huishia kwenye mteremko mmoja ambako breki zilimkatalia. Siku hiyo hakuwa na hadithi. Aliipeperusha ile barua mbele ya uso wa Bi Birika kana kwamba yeye ndiye aliyeiandika.

— Soma.

— Nisome nini, mzee wangu, na miwani nimeiacha nyumbani?

— Basi nitakusomea. "Kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, kuvuta sigara ni marufuku katika nyumba zote za jengo hili." Nyumba zote, Bi Birika. Na mimi nina kibandiko.

Kibandiko alichokuwa akikitaja kilikuwa cha njano, na kilikuwa mlangoni kwake. Jengo lile lina ghorofa sita, na ili lipate cheti, uongozi ulitakiwa kuwatenga wavutaji na wasiovuta, nyumba kwa nyumba. Mvutaji alibandikiwa cha njano, asiyevuta cha kijani. Uongozi ulitaka wenye njano wote wapelekwe ghorofa ya juu kabisa. Ndipo Mzee Breki aliposimama katikati ya mkutano wa wapangaji, akalipiga goti lake kofi mbele za watu, akauliza nani atambeba mgongoni mchana, wakati lifti inapozimwa ili kuokoa umeme. Watu walicheka, wakapiga makofi, wavutaji wakapewa ghorofa ya chini na ya kwanza, na wasiovuta wakapandishwa juu. Mpaka leo Mzee Breki huihesabu siku ile miongoni mwa siku zake za ushindi.

Lakini hakuhamia pale kwa ajili ya kibandiko. Alihamia kwa ajili ya mtu mmoja mwenye umri wa miaka minne. Binti yake anaishi ghorofa ya nne, mlango ulio juu ya mlango wake moja kwa moja, bafu juu ya bafu, jiko juu ya jiko, na ana mtoto wa kike ambaye babu yake humwita Kinanda kwa sababu haachi kuimba. Tangu mke wa Mzee Breki afariki, Kinanda ndiye saa yake, ndiye redio yake, ndiye sababu ya kunyoa ndevu. Na sasa Kinanda alikuwa mgonjwa wa kifua, na jambo hilo lilikuwa likimwasha Mzee Breki kuliko barua yoyote.

Muhuri alifika wa pili. Huyu ni karani mstaafu, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni hata siku ya mapumziko, na ndiye katibu wa kamati ya wapangaji. Nyuma yake akaja Koki, fundi bomba wa mtaa, mikono imejaa makovu ya spana, mtu anayelijua jengo lile kwa ndani kuliko waliolijenga. Barua waliisoma kwa zamu, kila mmoja akatikisa kichwa kwa namna yake, na Muhuri akatoa karatasi nyeupe bila kuombwa.

— Tunajibu, alisema. Kwa maandishi. Mtu aliyesaini mkataba wa nyumba ya kuvutia sigara hageuziwi maneno katikati ya mkataba.

— Andika kwamba wanatuonea, alisema Koki.

— Nitaandika kwamba tumeshtushwa na kusikitishwa. Kuonewa kunakuja aya ya pili.

— Mimi sikushtuka wala sikusikitika, alisema Mzee Breki. Mimi nimeghadhibika. Liandike hilo neno, na uliandike kubwa.

Muhuri aliliandika, na Bi Birika akamimina vikombe vitatu bila kuuliza sukari, maana anajua kila mmoja hutaka kiasi gani. Aliuliza kitu kingine: hiyo barua imetokana na nini, maana uongozi hauamki tu siku moja na kupiga watu marufuku. Mzee Breki hakupenda swali hilo. Alisema kuna watu wa juu wamelalamika kwamba moshi unawaingilia majumbani. Ni uzushi, alisema, na kama si uzushi basi ni wizi, kwa maana kuna mtu huko juu, chini ya kibandiko cha kijani, anavuta kwa kuibia na kuwaachia wenzake lawama.

Hapo ilimbidi asimulie yaliyotokea jana, na sauti yake ikashuka. Jioni binti yake aliteremka peke yake. Hakuketi vizuri; alikalia ukingo wa kiti kama mgeni. Akasema mtoto amepelekwa tena hospitali, amepewa dawa ya kupuliza mdomoni, na daktari amesema mtoto huyu asikae kwenye moshi hata kidogo. Akasema kwamba asubuhi, wakati wa kumwogesha, bafu lao hujaa harufu ya sigara. Akasema yeye na mumewe wamepata nyumba upande wa pili wa mji, mabasi mawili kutoka hapa, na huenda wakahama mwisho wa mwezi.

— Mabasi mawili, alirudia Mzee Breki. Na goti hili. Maana yake nitamwona mjukuu wangu sikukuu hadi sikukuu, na atanisalimia kwa kusukumwa mgongoni na mama yake.

Koki alipuliza kahawa iliyokuwa imeshapoa.

— Nikamwambia, nitajie mlango. Nitajie mlango mmoja tu na hiyo fimbo yangu itaongea. Akatazama vidole vyake, akasema, baba, usigombane na watu. Yule binti yangu ana moyo wa mama yake, hawezi kumkosea mtu. Ndiyo maana wanampanda kichwani.

— Na ukagombana? aliuliza Bi Birika.

Aligombana. Asubuhi ya leo, lifti ikiwa bado inafanya kazi, alipanda hadi ghorofa ya tatu, akagonga kwa fimbo mlango wa kinyozi anayeishi peke yake, kwa kuwa kijana anayeishi peke yake lazima ana jambo. Kinyozi alitoka na mswaki mdomoni. Mzee Breki akainusa nyumba ya watu kutoka mlangoni, akalinusa shati la kinyozi, hakupata kitu zaidi ya dawa ya meno, akamwonya hivyo hivyo. Alipokuwa akisimulia, hata yeye aliona kwamba sehemu hiyo haikumpa heshima yoyote, akaiharakisha.

— Si sigara, alisema Koki, akiweka kikombe chini. Mimi nilikuwa nimenyamaza, lakini si sigara. Ni rangi.

— Rangi gani?

— Rangi ya kuta. Mnakumbuka walivyotamba, rangi ya kijani, rangi isiyo na harufu? Mimi nimefanya kazi na rangi maisha yangu yote. Rangi lazima inuke. Isiponuka, jua kuna kitu wamekificha ndani, na kile kitu kinatoka polepole usiku, mtoto amelala na mdomo wazi.

Jambo hilo liliingia akilini. Muhuri aliliandika, kisha akalikatia mstari, akasema yeye ana hoja nzito zaidi. Aliwaelekeza kwa kalamu juu, kwenye paa, ambako uongozi umepanda bustani ya majani ili kuongeza alama za cheti. Akauliza majani kazi yake ni nini. Akajijibu kwamba kazi yake ni kuvuta hewa. Mchana yanavuta ya nje, hewa ya bure, hakuna kesi. Usiku nje kuna baridi, majani hayana haja ya kuhangaika. Yanavuta ya ndani, kuanzia ghorofa ya sita kuteremka. Kwa hesabu zake, hadi alfajiri yanakuwa yamefika ya nne.

— Ndiyo maana mimi wa ghorofa ya kwanza sikohoi, alisema Mzee Breki.

— Wewe hukohoi? aliuliza Bi Birika.

— Nakohoa kikohozi changu mwenyewe, cha siku zote. Usinichanganyie mambo.

Koki hakukubali kupitwa. Alisema kama ni kwenda mbali, basi yeye atakwenda mbali, kwa sababu mabomba ya jengo lile ameyashika kwa mikono yake. Maji ya kunawa mikono hayatupwi. Hukusanywa chini, husafishwa, na kurudishwa juu kusafishia vyoo. Uongozi unajivunia. Lakini maji yakishatumika mara mbili yanachoka. Ukiyavuta chooni, yanatoa mvuke uliochoka, huuoni kwa macho, na mtoto mdogo ambaye kichwa chake kiko karibu na sinki anauvuta wote.

— Mvuke uliochoka, alisema Muhuri, akiandika taratibu. Nitaweka "inadaiwa".

— Weka unavyotaka. Mimi ndiye fundi. Nani aliwaondolea zile kelele za bafuni, uongozi au mimi?

Hilo hakuna aliyelikanusha. Mwaka jana kila tundu la hewa bafuni lilikuwa na kisahani cha bati chenye bawaba, kinachofunguka hewa ikitoka na kujifunga hewa ikitaka kurudi. Upepo ukivuma vilikuwa vikigonga usiku kucha, ta-ta-ta, watu hawalali. Wapangaji walilalamika, uongozi ukajibu kwamba visahani hivyo ni vya cheti na havigusiki. Koki akaja siku ya Jumapili na bisibisi, akaving'oa upande mzima wa jengo, kuanzia ghorofa ya kwanza hadi ya sita, na jioni yake wapangaji wakampikia. Mzee Breki alikuwa mtu wa kwanza kumfungulia mlango.

Basi wakaendelea. Muhuri, ambaye kwa kawaida ni mtu wa vifungu na mihuri, alishusha sauti na kuwataka wafikirie kile kidude cheupe kilichoko darini katika kila chumba, kinachowaka taa nyekundu. Waliambiwa ni cha kunasa moto. Je, kuna aliyewahi kuona moto? Hakuna. Sasa kinafanya nini muda wote, miezi kumi na minane, kikikonyeza? Yeye aliona kwamba kinahesabu. Kinahesabu pumzi za watu, chumba kwa chumba, na hesabu zinapelekwa kwa wale waliotoa cheti, na siku moja italetwa karatasi ya hewa kama inavyoletwa ya maji. Ndiyo maana madirisha yamefungwa yasifunguke zaidi ya upana wa kiganja. Mtu anayeuza kitu hawezi kukuachia uchukue cha bure dirishani.

Mzee Breki aliyaamini yote, rangi na majani na maji na kidude, bila kuona kwamba yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Alihitaji kuyaamini. Hasira yake ilikuwa kubwa na haikuwa na pa kukaa, na kila nadharia iliipa kiti kwa muda. Alimwambia Muhuri aandike kwamba jengo linaua watoto, kisha cheti cha usafi wa hewa kinaning'inizwa ukutani bila haya. Aandike kwamba mvutaji, mtu mzima, mwenye kibandiko, ndiye anayebebeshwa dhambi za rangi. Muhuri alipomaliza aliisoma barua kwa sauti ya mahakamani, akaigeuza, akamsogezea Mzee Breki pamoja na kalamu, kwa kuwa jina lake ndilo lingetangulia.

Hapo ndipo mgeni alipofika. Alikuwa mwanamke wa rika la binti yake Mzee Breki, amevaa viatu vya kazi, begi mgongoni, kitambulisho shingoni. Aliwaamkia wazee kwa adabu, akaomba kahawa isiyo na sukari, akaketi mwisho wa ubao pale ulipopinda. Bi Birika alimuuliza anamsubiri nani. Akasema anamsubiri msimamizi amletee funguo. Yeye ni mkaguzi, ametumwa kupima hewa ya jengo, kwa kuwa muda wa cheti unakaribia kwisha.

Ubao mzima ulimgeukia. Huyu sasa alikuwa ndiye mtu mwenyewe, amejileta kwa miguu yake. Wakamweleza habari za rangi, wakamweleza habari za paa. Koki alimchorea mvuke uliochoka kwa kidole mezani. Mkaguzi hakucheka na hakubisha. Alikunywa kahawa yake na kuuliza wapi hasa mtoto anakaa, tangu lini anakohoa, saa ngapi. Mzee Breki akaona amepata mtu wa kumsikiliza, na hasira ikamtoka yote kwa mkupuo, ya mwezi mzima.

— Mwanangu, alimwambia, wanatafuta mvutaji wa kumsingizia. Mimi navuta, sifichi. Lakini navuta kwa adabu. Waulize hawa.

— Anavuta kwa adabu, alisema Muhuri.

— Sebuleni kwangu hakujawahi kuwashwa sigara. Kwa nini? Kwa sababu mjukuu wangu akiteremka kunisalimia, sitaki akute harufu. Chumbani sivuti. Barazani sivuti, jirani ana nguo kwenye kamba. Nimejiwekea kigoda bafuni. Naingia, nafunga mlango, naziba chini kwa taulo lenye maji, nawasha feni, ndipo navuta. Moshi wote unachukuliwa na feni. Ukiingia sebuleni kwangu sasa hivi hutajua kama mimi ni mvutaji. Kuna mvutaji gani mwingine anayefanya hivyo?

— Sijawahi kumsikia, alisema mkaguzi. Unavuta saa ngapi?

— Ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo siikosi. Hiyo ndiyo sigara yangu ya siku.

Akatabasamu bila kutaka, kwa sababu amefika mahali anapopapenda. Alimwambia mkaguzi kwamba saa hiyo hiyo, huko juu, binti yake anamwogesha mtoto kabla ya kumpeleka shuleni. Na mtoto anaimba. Anaimba wimbo wa kuhesabu vidole, kimoja hadi kumi, na akifika kumi anaanza upya. Babu mtu anakaa kwenye kigoda chake chini, sigara mkononi, anamsikiliza. Hajamwambia binti yake kwamba husikiliza. Ni siri yake, na ni saa nzuri kuliko zote katika siku nzima, dakika kumi hivi, halafu siku inakuwa siku tu.

— Ila sasa wimbo haufiki mwisho, alisema. Anafika vidole vinne, vitano, kikohozi kinamkata. Anajaribu tena, kinamkata tena. Mwanangu, namsikia kwa masikio yangu, kila asubuhi. Leo hakuvuka vidole vitatu. Nikapandwa na hasira. Ikabidi niwashe ya pili.

Mkaguzi aliweka kikombe chini. Alimtazama Mzee Breki kwa upole, na ule upole ndio uliomtia Mzee Breki wasiwasi, kabla hajajua kwa nini.

— Unamsikia ukiwa bafuni?

— Bafuni. Sebuleni hasikiki. Kuta zile nene.

— Na mlango umefunga.

— Nimefunga, nimekwambia. Na taulo chini.

— Na dirisha bafuni hakuna.

— Hakuna. Kuna feni tu.

— Basi, babu, nisaidie jambo moja. Sauti ya mtoto inapita wapi mpaka inakufikia?

Lilikuwa swali jepesi, mtu angeweza kumuuliza Kinanda mwenyewe naye akaonyesha kwa kidole. Muhuri alitazama kalamu yake. Aliikumbuka kalamu hiyo ikiandika kwenye muhtasari wa kikao kwamba wavutaji wakae chini na wasiovuta wakae juu, imepitishwa kwa kauli moja. Koki alifungua mdomo, kwa kuwa mabomba na matundu ni kazi yake na jibu alikuwa nalo, lote, pamoja na visahani themanini na kitu vilivyokuwa bado kwenye gunia uvunguni mwa kitanda chake. Akaufunga. Bi Birika aligeuka kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

Mzee Breki alikuwa amerudi bafuni kwake kwa mawazo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Alikuwa akilitazama lile tundu lenye vumbi juu ya kichwa chake, feni inazunguka, moshi unanyooka kuliendea, unaingia, hauonekani tena, na yeye anashukuru kwamba umekwenda. Hajawahi kujiuliza umekwenda wapi. Wimbo ulikuwa ukiteremka kwa tundu hilo hilo. Kila asubuhi mtoto alimteremshia vidole vyake kumi, na yeye akampandishia sigara. Na mtoto alipokohoa, akampandishia ya pili.

Kisha akamwona binti yake jana jioni, amekalia ukingo wa kiti, anatazama vidole. Nitajie mlango, alikuwa amemwambia, tena kwa sauti kubwa, na fimbo mkononi. Na mtoto wa watu angeutajaje mlango aliokuwa ameketi ndani yake? Alijua. Huenda alijua tangu mwezi uliopita. Alikuwa tayari kufungasha vyombo, kumhamisha mume, kumbadilishia mtoto shule, mabasi mawili, ili asilazimike kumwambia baba yake neno moja. Mzee Breki aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, hata siku ile ya mteremko, maana siku ile angalau alipiga honi.

— Babu, alisema mkaguzi, inawezekana kurekebishwa. Kuna namna ya kuziba.

— Najua.

— Msimamizi yule pale anakuja na funguo. Nitaanzia ghorofa ya nne.

— Usianzie huko. Nipe nusu saa.

Muhuri, asiyejua afanye nini na mikono yake, alimsogezea barua tena, kwa mazoea tu. Mzee Breki aliichukua, akaisoma mstari wa kwanza ambapo lile neno lake lilikuwa limeandikwa kubwa, akaiweka juu ya meza ya Bi Birika chini ya kikombe. Akatoa pakiti mfukoni akaiweka juu yake, na kiberiti. Kisha akavua koti. Walikuwa wakimfahamu miaka mingi na hakuna aliyewahi kumwona bila koti. Alionekana mdogo, mabega yake membamba ndani ya shati. Akalinusa koti begani, taratibu, kama alivyolinusa shati la kinyozi asubuhi.

— Bi Birika, nishikie hili. Siwezi kuingia nalo.

— Lete, mzee wangu.

— Mzee, alisema Koki kwa sauti ndogo, lifti imezimwa saa hizi. Ngoja saa kumi na moja iwashwe. Ni ngazi mpaka ya nne, na goti hilo.

Mzee Breki alikuwa ameshafika getini. Hakugeuka.

— Goti halina kitu, alisema.

Walimwona akipita chini ya lile bamba la jani na kuingia ndani, na kwa kitambo walisikia fimbo yake kwenye ngazi, ikipiga, ikipumzika, ikipiga. Koki alisimama, akasema anakwenda kwake kuchukua gunia. Bi Birika alilitundika koti kwenye msumari ulio mbali na vikombe.